Slasha ya trekta kwenye pori la mkulagembe: ya kwanza iliniliza, ya pili naipa nne kwa tano

Nianze na namba, maana najua wengine mtasoma aya moja tu kisha mbio dukani. Trekta langu ni Massey Ferguson 375, nguvu za farasi 75, la mkono wa pili. Shamba liko upande wa Mkata, wilaya ya Handeni, ekari 64, na kati ya hizo 40 zilikuwa pori. Slasha niliyo nayo sasa, yaani mashine ya kufyekea inayofungwa nyuma ya trekta, ina upana wa mita 1.5, uzito wa kilo 430, giaboksi ya farasi 90, klachi ya kuteleza kwenye propela (shafti inayopeleka nguvu ya trekta kwenye slasha), na sahani ya mviringo inayoshika visu. Nimeitumia misimu mitatu. Naipa nne kwa tano, na hiyo moja niliyoikata nitaieleza.

Ya kwanza siipi kitu. Iko nyuma ya banda, kuku wanatagia ndani.

Ninaposema pori msifikirie majani. Huku kwetu adui ni mkulagembe. Kwa Kizigua gembe ni jembe, kwa hiyo jina lenyewe lishakuambia habari yake: mla majembe. Kimti kifupi, maua yake nusu waridi nusu manjano, mazuri ukiyaona kwa mbali, lakini mbao yake ngumu kama pembe na tawi linaishia na mwiba unaopita kandambili na mguu pamoja. Malisho yakichoka kwa ng'ombe wengi, huo ndio unaoingia. Ukiukata, mizizi inatoa watoto pembeni. Marehemu mume wangu aliacha shamba likiwa na njia za ng'ombe. Miaka sita baadaye hata mbwa alikuwa anazunguka.

Vibarua wa mapanga walitaka 180,000 kwa ekari, na baada ya ekari mbili wakaniaga kwa adabu. Mmoja aliniambia, "Mama, hii kazi ni ya moto au ya chuma." Moto nilikataa kwa sababu jirani ana michungwa.

Basi nikaenda Dar kutafuta chuma. Na hapa niseme jambo linaloniumiza zaidi kuliko hela: mimi si mgeni wa vyuma. Nimekaa stoo ya spea ya shamba la mkonge miaka 19. Nimegawa beringi, sili, krosi za propela na visu vya slasha mpaka naota namba zake. Lakini kugawa spea ni kitu kimoja, na kusimama dukani na hela yako mwenyewe mkobani, kijana anakuita "mama karibu, kaa, maji ya baridi hayo hapo", ni kitu kingine.

Kijana aliniuliza trekta langu ni farasi ngapi. Nikasema 75. Akasema, "Basi mama usijidhulumu, chukua ya mita 1.8, trekta lako linaivuta kama tela tupu." Ilikuwa inang'aa, rangi nyekundu, milioni 3 na laki 8. Nikaipapasa juu, nikagonga bati, nikahesabu upana nikazidisha kwa urefu wa shamba, nikaona nitamaliza mapema. Sikuinama.

Ningeinama ningeona giaboksi ndogo yenye kibao kilichoandikwa farasi 45. Ningeona visu vimefungwa kwenye chuma bapa kama rula, si kwenye sahani. Ile ilikuwa mashine ya kukatia majani ya uwanja wa mpira, au nyasi chini ya minazi. Kwa kazi hiyo huenda ni nzuri tu. Kijana nilimwambia ni ya vichaka, naye akaitikia tu vichaka.

Na yale maneno yake kwamba trekta lina nguvu ya kutosha yalikuwa kweli, tena ndiyo yaliyoiua. Watu wengi hapa tunafikiri kinyume. Trekta la farasi 75 likiendesha giaboksi ya farasi 45, injini haisikii chochote. Kisu kinagonga kisiki, injini inaendelea kusukuma, na anayelipa ni aliye dhaifu katikati. Trekta dogo lingezimika likaokoa giaboksi. Langu halikuzimika.

Kwa slasha ile kinga pekee ilikuwa shea bolti, ile bolti laini kwenye propela inayokatika makusudi ili vingine visivunjike. Siku ya kwanza zilikatika tisa. Mlio wake ukiuzoea huwezi kuusahau: pa!, kisha propela inazunguka yenyewe na visu vinapoa taratibu. Kila ikikatika dereva anashuka, anatoa vipande kwa nyundo na msumari, anafunga nyingine. Siku ya tatu nikakuta kazi inakwenda vizuri ajabu, hakuna pa, hakuna kushuka. Nikafurahi. Nikamletea chai shambani.

Saa nane mchana visu vikaingia kwenye kichuguu kilichofunikwa na majani. Sauti iliyotoka si ya bolti. Ilikuwa kama mtu anatafuna mawe. Tulipofungua kifuniko cha giaboksi, oili imegeuka rangi ya fedha na meno matatu ya pinioni, ile gia ndogo ya ndani, yamelala chini. Nikaangalia propela: kichwa cha bolti kimeandikwa 10.9. Dereva alikuwa ameiomba kwa mwenye lori pale Mkata, bolti ngumu, "ili tusisumbuke, mama." Sikuwa na la kumwambia, maana stoo nimewahi kumfukuza fundi mzima kwa kosa hilo hilo, na hapa bolti zenyewe nilimwachia kwenye kopo la maziwa bila kumweleza kwa nini ni laini.

Dukani waliniambia giaboksi haina dhamana kwa "matumizi mabaya", na spea yake "inaagizwa". Nimeacha kupiga simu.

Mwaka uliofuata, Agosti, nikaenda Nane Nane Morogoro, ambako kanda yetu ya mashariki hukutana, Tanga tukiwemo. Safari hii nilivaa suruali chini ya gauni na nikabeba tochi na futi kamba. Kila banda lenye slasha nililala chini. Wauzaji walicheka, mmoja akaleta kirago. Nilichojifunza chini ya zile mashine hakikuandikwa kwenye karatasi zao za rangi.

Cha kwanza, sahani. Slasha ya vichaka lazima iwe na bakuli zito la mviringo chini ya giaboksi, visu vikiwa vimening'inia pembeni yake kwa bolti moja moja. Kisiki kikija, sahani inakipanda na kuteleza juu yake kama sufuria juu ya jiwe, na kisu chenyewe kinakunjika kurudi nyuma kisha kinanyooka tena kwa nguvu ya mzunguko. Kwenye chuma bapa hakuna cha kuteleza: kisiki kinakutana na kona. Nilizoziona na sahani halisi zilikuwa tatu tu.

Visu vyenyewe nilivipima kwa futi: milimita 12 kwenda juu ndiyo nilivyotaka, na makali butu kama shoka la kupasulia kuni. Usidanganyike na kisu chembamba kinachokata karatasi. Mti haukatwi na wembe, unakatwa na uzito unaokuja kwa mwendo. Kibao cha giaboksi niliyonunua kinasema 1 kwa 1.46. PTO, ile shafti ya nyuma ya trekta inayoendesha mashine, ikizunguka 540 kwa dakika, visu vinazunguka kama 788, na kwa upana wa mita 1.5 ncha ya kisu inakwenda mita 62 kwa sekunde, yaani kilometa 223 kwa saa. Basi la Arusha linalopita hapa barabarani mwisho wake wa sheria ni 80. Kumbukeni hesabu hiyo nitakapofika kwenye minyororo.

Upana. Hapa ndipo niligombana na shemeji yangu aliyenisindikiza. Yeye alitaka 1.8 tena, "ya maana". Mimi nikasema farasi wale wale wakigawanywa kwenye upana mdogo kila kisu kinapata zaidi, na mashine fupi inapita kati ya vichuguu ambapo pana inagonga vyote viwili. Sharti lake moja ni kwamba ifunike nyayo za matairi ya nyuma, vinginevyo unalaza vichaka usivyovikata. Langu tulilisogezea matairi ndani kidogo.

Giaboksi nilitaka izidi trekta, si ilingane nalo. Farasi 90 kwa trekta la 75.

Na klachi. Badala ya bolti ya kukatika, propela ina sahani za klachi zilizobanwa na springi. Ukigonga kisiki zinateleza, unasikia harufu, unanyanyua mkono wa haidroliki, unaendelea. Ni ghali. Ndiyo sehemu kubwa ya tofauti ya bei kati ya hii, niliyolipia milioni 8 na laki 2, na zile nyingine. Kwa nyasi ningechukua bolti bila kufikiri. Kwa mkulagembe, mashine yenye bolti itamfundisha dereva wako kudanganya.

Swali moja lilinyamazisha mabanda mengi: "Mashine hii imepimwa CAMARTEC?" Ni kile kituo cha serikali cha Arusha, kupima zana za kilimo ni kazi yao mojawapo. Aliyeniuzia hakuwa na karatasi hiyo pia, niseme ukweli, lakini alifungua kifuniko cha giaboksi mbele yangu, akanionyesha meno, akaniandikia namba za sili na beringi kwenye risiti. Namba zilikuwa za kawaida, za kupatikana Gerezani kule Dar au Tanga mjini. Kwa karani wa stoo hiyo ni sawa na posa.

Ilipofika nyumbani karibu tuiharibu kabla haijakata hata jani. Propela inakuja ndefu ili itoshe matrekta yote. Dereva aliisukuma ikaingia kwa shida, akasema imetosha. Nikamwambia nyanyua slasha taratibu kwa mkono wa haidroliki, PTO imezimwa. Ilipofika nusu, mirija miwili ya propela ikagusana mwisho kwa mwisho, ikawa haina pa kwenda ila kuisukuma shafti ya PTO ndani ya trekta. Fundi alikata mrija wa ndani na wa nje kwa kipimo kimoja, na plastiki za kinga pia, akasugua makali kwa tupa, akapaka grisi. Hakikisheni ikivutika mpaka mwisho wa kazi mirija bado imeingiliana angalau theluthi. Muuzaji hatakukatia, hajui trekta lako.

Sasa kazi yenyewe. Tunaingia kwa gia ya kwanza nzito, injini ikiwa kwenye alama ya 540 tangu kabla ya kugusa kichaka. Kosa la madereva wetu ni kupunguza mafuta wakiona kichaka kinene, wakidhani wanaihurumia mashine. Visu vikipungua mwendo vinaacha kukata vinaanza kupigapiga. Punguza mwendo wa magurudumu, usipunguze mafuta. Tunaacha kimo cha kiganja na nusu kutoka chini, mbele ya slasha ikiinama kidogo kuliko nyuma. Wanaotaka kunyoa mpaka udongo wanakata vichuguu, si vichaka.

Mkulagembe wa unene wa mpini wa jembe unaingia na kutoka vipande vipande, hutaona tofauti kwenye sauti ya injini. Unene wa kifundo cha mkono wangu, injini inakoroma. Zaidi ya hapo tunautia alama ya kitambaa, mtu wa shoka anatangulia siku moja kabla. Karatasi inasema inchi tatu. Inchi tatu za mti gani, haisemi.

Kwa siku ya saa saba tunamaliza ekari nne na nusu, dizeli kama lita 11 kwa ekari. Ekari 40 zilichukua siku kumi na mbili, kwa sababu ya pancha.

Pancha hizo si kosa la slasha yangu, ni kosa la slasha zote za nyuma: trekta linatangulia kukanyaga miiba kabla visu havijaifikia. Msimu wa kwanza tairi za mbele zilizibwa viraka kumi na moja. Na visiki vilivyokatwa ni vibaya kuliko miti mizima, vinabaki na ncha kama mkuki, usirudi ulikopita. Fundi alinichomelea bampa la bomba nene mbele ili lilaze vichaka, wavu kwenye rejeta, na bati chini ya tumbo la trekta maana tawi moja lilishang'oa bomba la dizeli. Hiyo gharama iwekeni kwenye hesabu tangu mwanzo. Mimi sikuiweka.

Klachi iliniokoa mara nyingi, lakini mara moja ilikaribia kuniumbua. Baada ya masika slasha ilikaa nje miezi minne. Tulipoanza tena, kisiki cha kwanza trekta zima likaruka na klachi haikuteleza hata chembe. Sahani zilikuwa zimeshikana kwa kutu, ikawa sawa na ile bolti ya 10.9. Tangu hapo kila kuanza msimu tunalegeza nati za springi, tunawasha PTO sekunde chache mpaka ianze kuteleza na kutoa moshi mdogo, harufu ya breki za lori la mbao linaloshuka Soni, kisha tunakaza kurudi kwenye urefu wa springi uliochorwa kitabuni.

Kitabu. Hapo ndipo alama yangu moja ilipoanza kukatwa. Mashine imetoka Brazili na kitabu ni Kireno kitupu. Binti yangu alikisoma kwa simu ukurasa kwa ukurasa, tukapata mambo ya klachi na oili. Asiye na binti wa simu angefanyaje?

Nyingine ni minyororo. Mbele na nyuma ya bati inatakiwa ining'inie minyororo iliyosongana, ndiyo inayokamata jiwe lisitoke. Ya nyuma ilikuja. Ya mbele nikaambiwa ni "ya ziada", laki 4 na nusu. Ziada kwa nani? Jiwe likitoka mbele linamkuta dereva mgongoni. Nililipa, lakini nililipa nikiwa nimenuna. Hata hivyo wiki ya pili kipande cha tawi kilitoka pembeni kikapita ukuta wa bati wa banda la mbuzi, na banda lilikuwa hatua sitini kutoka trekta. Siku ya kazi siruhusu mtoto wala mpita njia kukaribia, na wanakijiji wanaona nina maringo. Mimi mwenyewe sisogei kwenye propela na kanga kiunoni, hata injini ikiwa inanguruma tu bila PTO. Wakati ule nipo mkonge niliona shuka la mtu likichukuliwa na shafti. Yeye alibaki na uhai kwa sababu shuka lilikuwa kuukuu.

Jambo la mwisho kabla hamjaniuliza: slasha haiui mkulagembe. Wauzaji hawalisemi hili. Mvua za vuli zilipokuja, kila kisiki kilitoa machipukizi matano sita, laini, ya kijani, shamba likapendeza kama bustani ya balaa. Nilikuwa nimejiandaa. Niliingiza mbuzi 30, wao huyala machipukizi hayo kabla hayajawa miiba, kisha slasha ikarudi mara ya pili kabla hayajafika kiunoni, na mara ya tatu mwaka uliofuata. Sasa ekari 28 ni malisho kweli, nyingine bado tunashindana. Asiye na mbuzi wala nia ya kurudi mara ya pili na ya tatu, hiyo milioni 8 akodishe buldoza ang'oe mizizi, au aache kabisa.

Vilevile mwenye ekari tano asinunue. Atafute mtu mwenye slasha amlipe kwa saa. Na mwenye trekta la farasi 50 achukue ya mita 1.2 yenye sahani, asione aibu ya udogo wake.

Mashine kwa sasa inaendelea. Visu nimegeuza mara moja na kununua jozi moja, rangi imekwisha kabisa chini, bati limebonyea sehemu mbili lakini halijapasuka. Sili ya chini ya giaboksi imeanza kutoa jasho tangu wiki iliyopita. Majani makavu yalijisokota kwenye shafti yakaikata, kama kawaida yake. Nimeshaagiza mbili Tanga, moja ya kufunga Jumamosi na moja ya kabati.